Mtu wa Tatu Mezani: Tiba ya Sanaa Hufanya Nini Hasa

Mzee aliukataa udongo. Aliusukuma kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza, akafuta kidole kwenye suruali, akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "mimi si mtoto wa nasari." Wenzake sita waliokuwa kwenye viti vya plastiki wakaangua kicheko, na ukumbi ukalegea kidogo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi mjini Kisumu, katika ukumbi wa kanisa ambao mchana ungehitajika kwa mazoezi ya kwaya. Kazi yangu ilikuwa kubeba udongo, kupanga meza na kufagia mwishoni. Aliyeongoza kikao ni rafiki yangu, mshauri nasaha aliyesomea pia tiba ya sanaa. Udongo wenyewe tuliutoa Ilesi, pale kwenye barabara ya Kakamega ambapo vyungu hupangwa kando ya lami vikisubiri wateja, nao ulikuwa umeviringishwa kwa nailoni na gunia bichi usije ukakauka.

Rafiki yangu hakumbembeleza. "Sawa, Jaduong'. Uache tu hapo." Akaendelea na wengine.

Baada ya dakika kumi hivi mkono wa mzee ulirudi wenyewe kwenye donge, kama mkono unavyorudi kwenye sahani ya njugu mtu akiwa katikati ya mazungumzo. Akalibonyeza, akalibingirisha, akalichimba katikati kwa dole gumba. Macho yake yalikuwa kwingine. Chai ilipoletwa alikuwa na kitu chenye ncha mbili na tumbo, ambacho yeyote aliyelelewa karibu na ziwa angekijua: mtumbwi. Mbele yake alikuwa amesokota uzi wa udongo mwembamba kama tambi na kuubandika.

"Mtumbwi huu unakwenda au umeegeshwa?" rafiki yangu aliuliza.

"Umefungwa."

"Nani ameufunga?"

Alikunywa chai. Akaiweka chini. "Ni mimi."

Halafu akaeleza. Mtumbwi ulikuwa wa wao wawili, yeye na kaka yake. Kaka alifariki mwaka wa 2020, wakati serikali ilikuwa imepunguza watu wa kuhudhuria mazishi hadi 15 kwa sababu ya korona. Alizikwa asubuhi na mapema, haraka haraka, na watu wakarudi makwao kabla jua halijawa kali. Tangu siku hiyo mtumbwi ulikuwa umefungwa ufuoni. Nyumbani walidhani ni bei ya mafuta ya injini, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyowaambia. (Aliniruhusu kuyaandika haya. Nimebadilisha mambo machache asitambulike.)

Ukimsimulia mtu kisa hiki, atasema tiba ilitokea pale mzee alipofunguka. Mimi naona ilitokea nukta moja mapema, katika swali. Rafiki yangu aliuliza habari za mtumbwi. Angeuliza, "Mzee, kwa nini huendi ziwani siku hizi?" angejibiwa mafuta yamepanda, na mazungumzo yangeishia kwenye kituo cha petroli. Mbele ya swali la moja kwa moja mtu huwa ameshaandaa jibu, na jibu hilo amelitumia mara nyingi kiasi kwamba hata yeye mwenyewe ameanza kuliamini. Lakini hakuna aliyekuwa ameandaa jibu la nani aliufunga mtumbwi wa udongo wenye umri wa dakika ishirini.

Jambo hilo ndilo ninalotaka kulifafanua, kwa sababu tiba ya sanaa inaelezwa vibaya sana. Inaelezwa kana kwamba rangi zina dawa ndani yake. Kazi kubwa zaidi ya karatasi au donge la udongo ni kukaa katikati ya watu wawili na kuwa mtu wa tatu, anayeweza kuulizwa yale ambayo huwezi kuulizwa wewe.

Kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa. Tiba ya sanaa si darasa la kuchora. Darasani mwalimu ana haki ya kukwambia shingo ya twiga wako ni fupi. Kwenye tiba twiga anaweza kukosa shingo kabisa na hakuna anayepunguziwa alama. Nalitaja hili kwa kuwa wengi wetu tuliosoma enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tuliacha kuchora siku tulipogundua kwamba mtihani una masomo matano na kuchora hakumo. Kipindi cha sanaa kwenye ratiba kilikuwa kipindi cha hesabu chenye jina la bandia. Ndiyo maana mtu mzima wa kwetu akipewa kreyoni, neno la kwanza ni "sijui kuchora", utadhani amesimamishwa na polisi akaombwa leseni.

Pia si ramli. Hakuna kitabu cha kuaminika kinachosema nyeusi ni huzuni, nyumba isiyo na mlango ni upweke, jua la pembeni ni baba. Nitalirudia hili, kwa sababu nililikosea mwenyewe vibaya.

Kikao cha kawaida kina mtaalamu aliyefunzwa mambo mawili kwa pamoja, saikolojia na sanaa. Kina mtu mmoja au kikundi kidogo. Huchukua saa moja au moja na nusu, mara nyingi siku ileile ya wiki na mahali palepale. Watu hutengeneza kitu, kisha hukitazama, kisha huzungumza wakitaka. Kilichotengenezwa huhifadhiwa kwenye faili au kabati lenye kufuli, kama daktari anavyohifadhi majalada. Ukimkuta mtaalamu anayebandika kazi za wateja wake ukutani bila idhini, chukua mkoba wako uondoke.

Jina lenyewe lilitoka kitandani. Adrian Hill, mchoraji Mwingereza, alilazwa kwa kifua kikuu mwaka wa 1938 katika hospitali ya Midhurst, kusini mwa Uingereza. Wakati huo dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa huo hazijapatikana, na tiba ilikuwa kulala, hewa safi na subira. Hill akaanza kuchora vilivyokuwa karibu na kitanda. Baadaye akaombwa awafundishe wagonjwa wengine, wakiwemo askari waliorudi vitani, akagundua kwamba walichora mambo ambayo hawakuyasimulia. Mwaka wa 1942 akaita kazi ile tiba ya sanaa.

Miaka minne baadaye mchoraji mwingine, Edward Adamson, alianza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Netherne. Alifungua studio, akawapa wagonjwa easeli na rangi, kisha akafanya jambo lililowashangaza madaktari wa zama zile: alinyamaza. Hakufundisha, hakusahihisha, hakufasiri. Maelfu ya kazi za wagonjwa wake zipo hadi leo.

Kule Marekani, kati ya waanzilishi wa fani hii, mambo yaligawanyika, na mgawanyiko ule haujaisha. Margaret Naumburg aliona picha kuwa aina ya usemi: mtu huchora kinachotoka chini kabisa ya moyo, kisha mtaalamu humsaidia kukizungumzia. Edith Kramer akapinga. Kwake kutengeneza kwenyewe ndiko kunakoponya; mtoto mwenye hasira akiitwanga hasira hiyo kwenye udongo mpaka ukawa simba mwenye umbo, amekwisha fanya kazi kubwa hata kabla hajasema neno. Kramer alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Mwalimu wake, Friedl Dicker-Brandeis, alipelekwa na Wanazi katika kambi ya Terezín mwaka wa 1942, akawa anafundisha watoto wa Kiyahudi kuchora humo kambini. Mwaka wa 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Nyuma yake zilibaki sanduku mbili za michoro ya watoto, ipatayo 4,500. Wengi wa watoto hao hawakurudi.

Mtumbwi wa mzee wetu unaweza kudaiwa na pande zote mbili. Naumburg angesema: mnaona, aliusemea. Kramer angesema: angalieni vidole vyake katika zile dakika ishirini kabla ya chai. Wataalamu wengi ninaowajua hutembea katikati, wakichukua huku na kule kulingana na aliyekaa mbele yao.

Sasa, kwa nini mkono uweze pale mdomo uliposhindwa?

Sehemu ya jibu iko katika jinsi kiwewe kinavyohifadhiwa. Jambo la kawaida, kama safari ya jana kwenda Kibuye kununua sufuria, hukaa kichwani kama hadithi: nilitoka, nilifika, nilirudi. Jambo la kutisha mara nyingi halikai hivyo. Hukaa vipande vipande: harufu ya matairi yanayoungua, sauti ya mlango, rangi ya shati. Mwaka wa 1996 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za ubongo watu 8 wenye maradhi ya kiwewe huku wakisikilizishwa simulizi za yaliyowapata. Eneo la Broca, linaloshughulika na kutoa maneno, lilipunguza kazi, na sehemu za hisia na za kuona zikaongeza. Watu 8 ni wachache, na mimi nisingejenga nyumba juu ya msingi wa ukubwa huo. Ila yeyote aliyewahi kumwomba mtu "hebu tueleze ilikuwaje" akaona midomo inatikisika bila sauti atalitambua jambo lenyewe. Kama kumbukumbu imekaa kama picha, si ajabu njia fupi ya kuitoa ikawa picha.

Sehemu nyingine ni kupata jina. Mwaka wa 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaonyesha watu nyuso zenye hasira na hofu. Waliochagua neno la kuitaja hisia waliyoiona, amigdala yao, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilitulia zaidi. Kwa hiyo maneno yanasaidia. Tatizo ni kwamba yanahitaji kupakiwa kwenye kitu ili yavuke. Mzee hakuwa na neno la alilokuwa nalo. Alikuwa na uzi wa udongo uliobandikwa mbele ya mtumbwi. Kutoka kwenye uzi hadi kwenye neno "nimeufunga" ni hatua moja tu, na kutoka hapo hadi kwenye "kaka yangu" ni ya pili.

Halafu kuna ukingo wa karatasi. Huzuni haina mpaka. Ukiamka ipo, ukila ipo. Karatasi ya manila ina pembe nne. Ukiiweka huzuni humo, hata kwa mistari ya ovyo, umeiona mwanzo na mwisho wake, na unaweza kuigeuza, kuifunika, kuichana, kuichora upya wiki ijayo. Katika kikundi kilekile kulikuwa na dada mmoja aliyepaka mkaa mweusi karatasi nzima, wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne aliacha kipande cheupe kwenye kona, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Hakusema kitu, wala hakuulizwa. Lakini rafiki yangu alizitandaza zile nne sakafuni kwa mpangilio na kumwacha azitazame, na alizitazama muda mrefu kuliko muda aliotumia kuzichora. Mazungumzo yakishasemwa hupotea. Picha hubaki, na mtu anaweza kujiona alipokuwa.

Vifaa navyo vina tabia zake, na hapa ndipo utaalamu wenyewe unapoonekana. Kalamu ya risasi ni mtiifu: inakwenda unakotaka, na ukikosea unafuta. Kukata picha kwenye magazeti ya zamani na kuzibandika ni salama zaidi, maana hata kuchora hakuhitajiki, unachagua tu. Rangi ya maji haisikii mtu. Inakimbia, inachanganyika, inapenya. Udongo unakwenda mbali kuliko vyote, kwa sababu unaingia kwenye kucha, una ubaridi, unarudisha nguvu unayoupa. Mtu aliyezidiwa, ambaye tayari moyo wake unafurika, ukimpa rangi ya maji na udongo siku ya kwanza unaweza kumzamisha. Huyo huanzishwa na penseli na makasi. Aliyejibana, anayenyoosha kila kitu kwa rula, taratibu huletewa rangi inayokimbia. Nilimuuliza rafiki yangu kwa nini basi alimwekea mzee udongo moja kwa moja. "Uliona mikono yake?" alisema. Ilikuwa mikono ya kushona nyavu. Kumpa penseli kungekuwa kumrudisha darasani, mahali alipopaacha zamani bila kupakumbuka kwa wema.

Sasa kosa langu.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za uchaguzi huo, baadaye ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Waliokimbia walikuwa mamia ya maelfu. Nilijitolea na shirika moja ambalo sitalitaja, tukawa tunawakusanya watoto mchana na kuwagawia karatasi na kreyoni. Hakuna aliyetufunza chochote. Msichana mmoja wa miaka minane au tisa alichora duara kubwa la buluu, na ukingoni akapaka wekundu mzito, akikandamiza hadi kreyoni ikavunjika. Nikachuchumaa. Nikasema kwa ile sauti ya huruma ambayo leo ikinijia natamani kujificha: "Pole, mama. Hii ni damu?"

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu mzima aliyepotea mtaani kwake mwenyewe. "Ni flamingo."

Duara lilikuwa Ziwa Nakuru. Alikuwa amechora alichokuwa akikiona maisha yake yote. Hadi hapo ni kichekesho tu, na kama kingeishia hapo nisingekiandika. Lakini alikuwa mtoto mwerevu, na aliona jinsi uso wangu ulivyokuwa umejiandaa. Siku iliyofuata wageni walipokuja na kamera, alichora damu. Aliichora vizuri. Wakamsifu, wakapiga picha, akapewa pakiti ya biskuti, na tangu siku hiyo watoto wa hema lile wakachora damu kila gari jeupe lilipoingia getini. Michoro kadhaa ilichukuliwa ikapelekwa kupamba ofisi mahali fulani. Hakuna aliyewauliza watoto wala wazazi.

Nimejifunza mengi baadaye kwa kusoma, lakini lile ziwa la buluu limenifundisha zaidi. Ukifasiri mchoro wa mtu kabla hajausema, humsikii; unamfundisha unachotaka kusikia. Ndiyo maana rafiki yangu haulizi "hii ni nini?" hata mara moja. Husema, "Nieleze kuhusu hii." Au huuliza jambo lililo ndani ya picha: huyu anaelekea wapi, hapa pana joto au baridi, kama kitu hiki kingeweza kusema kingesema nini. Maswali ya kijinga ukiyasikia kwa mbali. Ukikaa karibu unaona kila moja linamwachia mwenye picha ufunguo wake.

Je, kuna ushahidi kwamba inafanya kazi? Upo, na una mashimo, na sipendi makala zinazoficha mashimo.

Mwaka wa 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwaita watu wazima 39, wakapima kotisoli kwenye mate yao, wakawapa kalamu za rangi, udongo na vifaa vya kubandika kwa dakika 45, kisha wakapima tena. Kwa takriban asilimia 75 kotisoli, ambayo mwili huitoa ukiwa na msongo, ilishuka. Aliyezoea sanaa na asiyeijua walikuwa sawa. Habari njema kwa mzee asiye mtoto wa nasari. Lakini utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha. Huenda dakika 45 za kushona au kumenya viazi kwa utulivu nazo zingeshusha kitu. Na ile robo iliyobaki haikushuka.

Miaka minne kabla ya hapo, Uingereza ilifanya jaribio kubwa zaidi: watu 417 wenye skizofrenia, wengine wakapewa tiba ya sanaa ya vikundi juu ya huduma ya kawaida, wengine hapana. Baada ya miaka miwili tofauti ya maana haikuonekana. Watetezi walisema wengi waliopangiwa vikundi hawakuhudhuria au walihudhuria kwa nadra, na ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba dawa isiyonywewa ni tatizo pia. Kwangu hilo linasema tiba hii si ya kila ugonjwa, na mtu anayesikia sauti asiambiwe aache vidonge vyake akachore. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia machapisho zaidi ya 900 kuhusu sanaa na afya, na picha ya jumla ni ya matumaini, hasa kwa msongo, wasiwasi na watu wanaoishi na magonjwa ya muda mrefu. Matumaini, sio muujiza.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Huwa nawauliza wamewahi kuhudhuria matanga ya kwetu. Waluo wana tero buru: mzee akifa, wanaume hutoka na ng'ombe, mikuki na nyimbo, wakakimbia hadi mbali na boma kukifukuza kifo, kisha wakarudi. Upande wa Kakamega, kwa Waisukha na Waidakho, ngoma ya isukuti hupigwa kwenye furaha na kwenye msiba. UNESCO iliiingiza mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Huko kote huzuni hupewa miguu, jasho, sauti na mahali pa kuelekea. Hakuna anayemketisha mfiwa na kumuuliza anajisikiaje. Hiyo haiwi tiba ya sanaa kwa maana ya kitaalamu, kwa kuwa ni ya umma na hii ni ya siri, na ngoma haimsubiri aliyechelewa kuhuzunika. Lakini zimezaliwa na ujuzi mmoja: kwamba maumivu yanahitaji kufanywa kitu.

Angalia basi kilichomkosa mzee wa mtumbwi. Kaka mtu mzima, mwenye boma lake, alizikwa na watu 15 bila ng'ombe mmoja kukimbizwa. Kifo hakikufukuzwa. Kilibaki ufuoni kimefungwa kwa kamba.

Swali ninaloulizwa sana ni kama mtu anaweza kujifanyia nyumbani. Kuchora, kushona, kupaka rangi vitabu vya maua, vyote vyema. Utafiti mmoja wa 2005 uliwapa wanafunzi 84 kazi ya kupaka rangi, na waliopaka maumbo yenye mpangilio walitulia zaidi ya walioachiwa karatasi tupu. Hilo linatuliza, na kutulia kuna thamani yake. Lakini ukikuta unachochora kinakutetemesha, au hulali, au unawaza kujidhuru, hapo unahitaji mtu. Nenda hospitali, hata ya kaunti ndogo, au kwa mshauri. Na usiogope kulisema: hadi juzi aliyejaribu kujiua nchini alikuwa anahesabiwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na wengi walinyamaza kwa kuogopa seli. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Ukimtafuta mtaalamu, muulize waziwazi. Uingereza jina la mtaalamu wa tiba ya sanaa linalindwa na sheria. Huwezi kujiita tu. Hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, kwa hiyo muulize kama amesajiliwa, alisomea wapi sehemu ya sanaa, michoro yako itakaa wapi na nani ataiona. Anayekasirikia maswali hayo amekwisha kujibu. Vifaa visikutishe. Mkaa wa jikoni nao huchora, kama ule wanaouza madukani kwa bei ya ajabu, boksi la kiatu ni karatasi, na udongo kwetu tumebarikiwa.

Kikundi cha Kisumu kilikutana wiki nane. Mzee hakukosa hata moja, ingawa kila Jumamosi alianza kwa kulalamika juu ya viti. Siku ya mwisho rafiki yangu alitoa kabatini kazi za kila mtu na kuwauliza wanataka zifanyweje. Dada wa mkaa alizikunja zake zote, ile yenye kona nyeupe akaiweka juu. Mzee aliuchukua mtumbwi wake kwa mikono miwili. Ulikuwa umekauka, umepauka, una ufa mdogo ubavuni. Ule uzi wa mbele ulikuwa umekatika wenyewe katika wiki ya tatu au ya nne, na hakuubandika tena.

Nilimletea gazeti la kuufungia. "Uangalie, Jaduong'," nikamwambia. "Haukuchomwa. Ukigusa maji utayeyuka."

Alikuwa akiuviringisha taratibu, kama anavyoviringishwa samaki wa mgeni.

"Najua, nyathina," akasema, akauweka kwapani na kushika njia ya kuteremka ziwani.